Mkono uliopooza hausubiri kadi ya kliniki

Kuna namba moja kila nikikutana nayo nakasirika, 32. Mwaka 2009 Catherine Lang na wenzake walichapisha utafiti ambao kiukweli hauna mbwembwe yoyote, walikaa tu pembeni kwenye vyumba vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi Marekani na Kanada wakawa wanahesabu. Mgonjwa kanyanyua kikombe, moja. Kanyanyua tena, mbili. Wamefuatilia vipindi 312, na kwenye vile ambavyo mkono ulifanya kazi yenye maana (kushika, kufikia kitu, kuhamisha) wastani ukaja mara 32 kwa kipindi. Basi. Na hapo tunaongelea sehemu zenye vifaa, wataalamu na bima inayolipa.

Sasa nenda kwenye maabara za wanyama uone. Panya anayefundishwa kuchomoa punje ya chakula kwa mguu wa mbele, au kima wadogo wale waliotumiwa na Randolph Nudo kwenye utafiti uliotoka mwaka 1996, wanafanyishwa kitendo hicho hicho mara 400 mpaka 600 kwa siku. Nudo alionyesha kwamba kima aliyejeruhiwa sehemu ndogo ya ubongo inayoendesha kiganja, akifanyishwa kazi ngumu ya vidole, eneo la kiganja lililobaki zima linalindwa na linaweza hata kutanuka, na asipofanyishwa chochote linazidi kupungua hata pale ambapo jeraha halikugusa. Yaani habari njema zote unazosikia kwamba ubongo unaweza kujipanga upya zimetoka kwa wanyama waliopigishwa kazi ya mia kadhaa kwa siku, halafu binadamu tunampa 32 na kumwambia mama vumilia, taratibu utapona.

Hii taaluma ya jinsi ubongo unavyoendesha na kujifunza mijongeo ni ya watu wachache na haina umaarufu, magazeti yanapenda kumbukumbu, hisia, ndoto, akili bandia. Lakini ukitaka kujua kwa nini bibi yako alipata stroku na mkono haukurudi, jibu liko huku. Na nina ugomvi kidogo na hawa watafiti, nitaufikia.

Kwanza kazi yao ilivyo. Maabara nyingi zinafanana: mtu anakaa kwenye kiti, anashika mpini wa roboti, mbele yake skrini ina nukta, anaambiwa peleka mkono kwenye nukta. Kitoto kabisa. Halafu roboti inaanza kumsukumia pembeni, na kadiri anavyokwenda kasi ndivyo inavyomsukuma zaidi. Mara za mwanzo mkono unapinda kama ndoano. Akirudia mara mia na zaidi mstari unanyooka tena kama vile hakuna kinachosukuma. Hapo mtafiti anazima ile nguvu kimyakimya, na mkono wa yule mtu unapinda upande wa pili, wenyewe. Hilo ndilo jaribio la Reza Shadmehr na Ferdinando Mussa-Ivaldi, chuo cha MIT Marekani, mwaka 1994, na nusu ya fani imejengwa juu yake. Lile kosa la upande wa pili ndio ushahidi wenyewe: ubongo haukukaza misuli tu ili kubishana na roboti, ulijifunza nguvu itakuja lini na kiasi gani ukawa unatoa amri ya kuifuta kabla haijafika. Ni kama dereva aliyezoea usukani mgumu wa gari la zamani, siku ya kwanza kwenye gari lenye usukani laini anakwangua ukuta.

Ubongo unalazimika kubashiri hivyo kwa sababu taarifa kutoka mkononi zinachelewa. Sio sana, ni sehemu ndogo tu ya sekunde, ila ukiwa unadaka kitu au unakatakata vitunguu huo ni ucheleweshaji mkubwa. Kwa hiyo kuna sehemu inayotabiri mkono utafika wapi, halafu inalinganisha utabiri na kilichotokea, tofauti ikionekana inarekebisha amri ya safari ijayo. Kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni ya ule ubongo mdogo wa kisogoni, ambao kwa uzito ni kama asilimia 10 tu ya ubongo wote lakini hesabu iliyofanywa na timu ya Brazil mwaka 2009 inaonyesha umebeba nuroni (seli za neva) kama bilioni 69 kati ya bilioni 86 tulizonazo. Ndio maana pia huwezi kujitekenya ukacheka, utabiri umeshafika kabla ya kidole.

Na haya yote yanafanyika bila wewe kujua. Kuna mgonjwa maarufu, Henry Molaison, alifanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kule Marekani kutibu kifafa akatoka hawezi kutunza kumbukumbu mpya kabisa. Brenda Milner akampa zoezi la kuchora nyota huku akiangalia mkono wake kwenye kioo, zoezi la kuudhi kweli, jaribu utaona. Siku tatu mfululizo jamaa alizidi kuwa mzuri, na kila siku alikuwa hakumbuki kama amewahi kulifanya. Nalitaja hili kwa wale wanaosema mzee siku hizi anasahausahau, hata mazoezi hayatamsaidia. Mkono unaweza kujifunza hata kama mwenyewe hakumbuki somo.

Sasa ugomvi wangu. Kwa miaka thelathini hivi sehemu kubwa ya akili na hela za fani hii zimeenda kwenye lile zoezi la roboti na nukta, na wanaoshika mpini wengi ni wanafunzi wa chuo wenye miaka ishirini na kitu, wazima wa afya, wanaolipwa kidogo kukaa hapo kwa saa moja. Wanachojifunza ni kurekebisha kitendo ambacho tayari wanakijua, na ukizima roboti wanakisahau ndani ya dakika chache. Mgonjwa wa kiharusi shida yake sio hiyo. Yeye hana kitendo cha kurekebisha, amri yenyewe imekatika njiani, vidole vinajikunja vyote pamoja akitaka kunyoosha kimoja. Siko peke yangu kwenye hili, John Krakauer wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye mwenyewe amefanya sana hayo majaribio, amekuwa akisema miaka mingi kwamba kuzoea mabadiliko ni kitu kimoja na kupata ufundi ni kitu kingine, tusichanganye.

Mtu aliyeona hili mapema alikuwa Mrusi, Nikolai Bernstein. Miaka ya 1920 kwenye Taasisi Kuu ya Kazi huko Moscow aliwapiga picha za mfululizo mafundi wakigonga tindo kwa nyundo. Serikali ilitaka kujua jinsi ya kumfanya mfanyakazi agonge kama mashine. Bernstein akaangalia picha akakuta kitu kingine: kichwa cha nyundo kinafika palepale kila pigo, lakini bega, kiwiko na kifundo cha mkono havirudii njia ileile. Fundi hodari harudii mwendo, anarudia kutatua tatizo, na kila pigo analitatua upya kidogo. Kwangu hili ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye fani hii na linapaswa kubandikwa kila chumba cha fizio.

Kwa nini? Angalia tunachofanya majumbani. Shangazi yangu alipata kiharusi upande wa kulia, akakaa hospitali siku chache, presha ikashuka, akarudishwa nyumbani na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kurudi kuangaliwa presha. Nyumbani tukampenda kwelikweli. Mjukuu mmoja alipewa kazi ya kumnyoosha mkono asubuhi na jioni: anaushika, anaupandisha juu, anaushusha, anahesabu kwa sauti, shangazi anaangalia runinga. Kumnyoosha vile kunasaidia viungo visikakamae, sibezi, lakini kwa mujibu wa Bernstein na wote waliofuata hapo anayetatua tatizo ni mjukuu. Ubongo wa shangazi haujatoa amri, haujabashiri, haujakosea. Halafu kuna suala la kula. Kwetu kula kwa mkono wa kushoto ni aibu, mtu mzima hawezi kukaa mbele ya wajukuu akamega ugali kwa kushoto, na wa kulia haufiki mdomoni, kwa hiyo akawa analishwa. Kila tonge. Fikiria hapo zimepotea nafasi ngapi za kujaribu kwa siku, tonge, kikombe, kitambaa cha kufuta mdomo, zaidi ya zile 32 kwa mlo mmoja tu.

Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, ameandika sana kuhusu hili, kwamba mkono ulioumia unaweza kuwa na uwezo fulani umerudi lakini mwenyewe ameshajifunza kutoutumia. Tiba yake ni ya kikatili kidogo: unavalishwa glovu nzito kwenye mkono usioumia, karibu asilimia 90 ya muda ulio macho, wiki mbili, ili ulioumia usiwe na pa kukimbilia. Jaribio kubwa la tiba hiyo liliwahusisha wagonjwa 222 waliokuwa kati ya miezi mitatu na tisa baada ya kiharusi, matokeo yakatoka mwaka 2006, na waliovalishwa glovu na kupewa mazoezi makali waliwazidi wenzao hata baada ya mwaka mzima. Ila lazima niseme, walichaguliwa wenye angalau mwendo kidogo kwenye kifundo na vidole. Mkono ambao haujatikisika kabisa, glovu itakuwa mateso tu.

Mpaka hapa ungedhani suluhisho ni rahisi: ongeza idadi, kutoka 32 nenda 300. Na mimi niliamini hivyo. Lang mwenyewe akaenda kulipima, akachukua watu waliopita miezi sita au zaidi tangu kiharusi, akawagawa, wengine wakafanya marudio 3,200, wengine 6,400, wengine 9,600. Matokeo yakatoka mwaka 2016: nafuu ilikuwa ndogo, na waliofanya mara tatu zaidi hawakupata zaidi. Mwaka 2019 Uingereza nao wakatoa majibu ya jaribio la watu 770, baadhi yao wakitumia roboti za mkono zilizotokana na kazi ya MIT, dakika 45 mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Utendaji wa mkono haukuzidi ule wa waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo hospitali ikikuonyesha mashine inayong'aa na bei yake, uliza kwanza.

Basi tatizo likawa, kama wingi peke yake sio jibu, yale mafanikio ya panya yanatoka wapi? Kitu kimoja tulikisahau. Panya wanaanzishwa mazoezi wakati ubongo bado umevurugika kutokana na jeraha, wiki chache za mwanzo, na kuna ushahidi kwamba kipindi hicho ubongo unakuwa laini kubadilika kuliko kawaida, halafu unafunga. Alexander Dromerick na wenzake wakalileta swali hili kwa binadamu, Washington, matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Watu 72. Kila mmoja alipata huduma yake ya kawaida, na wengine wakaongezewa saa 20 za mazoezi ya mkono, tofauti ni wakati tu: kundi moja ndani ya siku 30 za mwanzo, la pili kati ya siku ya 60 na ya 90, la tatu baada ya miezi sita. Mkono ukapimwa baada ya mwaka. Kundi la siku ya 60 hadi 90 ndilo lililofaidika zaidi, karibu pointi 7 juu ya wasioongezewa kwenye kipimo cha pointi 57. La mwezi wa kwanza lilipata ila pungufu ya hapo. La baada ya miezi sita, hakuna tofauti ya maana.

Saa 20 zilezile, mkono uleule, jasho lilelile, na kilichobadilika ni tarehe.

Sasa usije ukakimbilia upande wa pili ukaanza kumburuta mgonjwa kitandani siku ya kwanza. Hilo nalo limepimwa, jaribio la watu zaidi ya 2,000 lililotoka mwaka 2015, kuwainua wagonjwa mapema sana ndani ya saa 24 na kwa wingi, matokeo yao yalikuwa mabaya kidogo kuliko wa kawaida. Na kwa wale ambao miaka imeshapita, msikate tamaa pia: kuna programu ya Queen Square, London, inampa mtu saa 90 kwa wiki tatu, watu 224 wengi wao wa muda mrefu wakaonyesha nafuu iliyodumu miezi sita. Haikuwa na kundi la kulinganisha, hilo ni pengo, na saa sita kwa siku nani wa kulipa. Ila mlango haujapigwa misumari.

Turudi kwetu sasa, maana hapa ndipo ninapoumia. Utafiti uliofanywa Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 ulionyesha Dar, ukishaweka hesabu ya umri sawa, ina kama visa vipya 316 vya kiharusi kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, moja ya viwango vya juu vilivyowahi kuripotiwa wakati huo. Na wanaopata huku kwetu wengi sio wazee wa miaka themanini, ni watu wenye duka, wenye cherehani, wenye bodaboda. Kati ya siku ya 60 na ya 90, yaani wakati ule hasa ambao Dromerick anasema mkono unasikia, mgonjwa wetu wa kawaida yuko wapi? Yuko nyumbani kwenye mkeka au sofa, anasubiri tarehe ya presha. Hamna mtu anayeugusa mkono isipokuwa mjukuu. Na wengine siku hizo ndio wanazungushwa kwa waganga, maana kupooza ghafla hivyo lazima kuna mkono wa mtu.

Wazo la haraka linalotolewa kila kongamano ni tuwafundishe ndugu, familia zetu kubwa, tuna watu. Hata mimi linanivutia. Lakini India walilijaribu kwa uzito, hospitali 14, wagonjwa 1,250, ndugu wakafundishwa mazoezi kuanzia wodini wakaendelea nyumbani, majibu yakatoka mwaka 2017: baada ya miezi sita waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 47, na wale ambao ndugu hawakufundishwa nao asilimia 47. Hamna tofauti. Nadhani, na hii ni tafsiri yangu, ni lile lile la mjukuu na runinga. Ndugu anajua kusaidia. Hajui kuongeza ugumu kidogo pale mgonjwa anapoanza kuweza, kumwacha akosee bila kumdakia kikombe, kubadilisha kikombe kiwe kizito au kiwe mbali, kazi ile ya kuhakikisha kila pigo la nyundo linatatuliwa upya. Huo ni ufundi, una shule yake, na watu wa fizio wenye ufundi huo tunao wachache na tunawatumia vibaya, tunawamaliza wodini siku za mwanzo ambapo faida ni ndogo, na kwenye wagonjwa wa mwaka wa pili wanaokuja kwa kukata tamaa.

Ningekuwa na sauti pale wanapopanga ratiba za kliniki ningebadili kitu kimoja tu, ile tarehe kwenye kadi. Presha iendelee kuangaliwa, ila wiki ya tisa mpaka ya kumi na mbili mgonjwa awe na saa zake 20 na mtu wa fizio, saa moja kwa siku, siku tano kwa wiki, mwezi unaisha. Hakuna roboti hapo. Nauli ya bajaji ni tatizo la kweli, mgonjwa wa kiharusi hapandi daladala, na hizo safari ishirini kwenda na kurudi kwa familia nyingi ni hela ya chakula, kwa hiyo labda mtu wa fizio ndiye apande bodaboda aende kwake, inakuja rahisi zaidi na mgonjwa anafanyia mazoezi kwenye sahani yake mwenyewe.

Watu 72 wa Washington hawatoshi kuandikia mwongozo wa nchi, najua, mtafiti yeyote atakwambia rudia kwa wengi zaidi. Sawa, irudiwe, na sioni kwa nini isirudiwe Dar. Wagonjwa tunao wengi kuliko wao. Na kile kipimo cha pointi 57 hakihitaji umeme: vipande vya mbao vya saizi tofauti, mpira, glasi mbili na maji, gololi, bolti na washa yake, meza, na mtu mwenye kalamu.